Waya wa uzio: Hasara huanzia stoo

KATIKA maduka mengi ya pembejeo na vifaa vya ujenzi kwenye miji midogo kama Katesh, wilayani Hanang, stoo huwa moja. Saruji, mbolea, chumvi ya mifugo na waya wa uzio hukaa pamoja. Mpangilio huo unaokoa kodi ya pango, lakini unakula mtaji taratibu.

Waya wa uzio ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Chumvi na mbolea huvuta unyevu wa hewani, na vumbi lake likitua juu ya waya hula zinki. Saruji iliyolowa hufanya vivyo hivyo. Nazo roli zilizolowa na kubanana bila kupitisha hewa huota unga mweupe. Huo si uchafu, ni zinki inayoharibika. Mteja akiuona hudai punguzo, na ana haki.

Mafundi wanaobadili nyaya za piano wana kanuni hiyo hiyo: waya hukaa pakavu, kila unene mahali pake, na haushikwi ovyo kwa vidole vyenye jasho kwa sababu jasho lina chumvi.

Suala la unene linagusa mfuko wa mkulima moja kwa moja. Roli la kilo 25 la waya wa milimita 2.5 lina takriban mita 650. La milimita 2.0, kwa uzito ule ule, lina zaidi ya mita 1,000. Shamba la mraba la ekari moja lina mzunguko wa karibu mita 255, hivyo uzio wa mistari mitatu unahitaji mita 765. Lebo ikipotea, mnunuzi hajui kama roli moja litatosha, wala kama waya huo utahimili ng'ombe.

Kufungua roli nako kunahitaji utaratibu. Waya mgumu hufyatuka kamba zikikatwa, hivyo ncha ishikwe kwanza, na fundi avae glovu na miwani. Waya uzungushwe kutoka kwenye roli, usivutwe kwa pembeni, kwani ukijikunja hukatikia hapo hapo siku ya kukazwa.

Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 na kuingia katika nyumba na maduka ya Katesh. Hakuna kichaga kinachozuia janga kama hilo. Hata hivyo, maji ya mvua za kawaida yanazuilika: waya uinuliwe juu ya vichaga, utengwe na ukuta, chumvi na mbolea zihamie upande mwingine, na mzigo uliotangulia kuingia utangulie kuuzwa.

Gharama yake ni mbao chache na nusu siku ya kupanga. Roli moja lililooza linaweza kuzidi hapo.