Kopo au Ng'ombe? Kwanza Sema Mtoto Ana Miezi Mingapi

Semista iliyopita mwenzangu wa chumbani alirudi chuoni akamwacha mtoto wa miezi minne na nusu kwa mama yake. Alinunua kopo moja la maziwa ya watoto, akaahidi la pili bumu likitoka. Bumu likachelewa. Kule nyumbani bibi wa mtoto akafanya ambacho wengi wangefanya: akapunguza vijiko, akaongeza maji, ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Likafika kweli. Ila kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa umelala chali.

Usiku ule tulikaa wanne chumbani tukibishana. Mmoja anasema kopo ndiyo salama, mwingine anasema kwao watoto wote wamekuzwa na maziwa ya ng'ombe na wako fiti. Baadaye niligundua kuwa wote walikuwa sahihi, isipokuwa kila mmoja alikuwa anamzungumzia mtoto wa umri wake.

Chini ya miezi 6 ng'ombe hapana. Maziwa yake yana protini gramu 3 na kitu kwa kila mililita 100, wakati ya mama yana kama gramu 1. Ndama anatakiwa akue haraka, mtoto wa mtu hana haraka hiyo, na figo zake bado changa kubeba protini na chumvi zote hizo. Madini ya chuma nayo karibu hayamo, na utumbo wa mtoto mchanga unaweza kuvuja damu kidogo kidogo bila wewe kuona chochote kwenye nepi. Mwisho wake ni upungufu wa damu. Kwa hiyo kama ziwa la mama halipatikani kabisa, hapa ni kopo, na ni lile la watoto wachanga. Maziwa ya unga ya kutia kwenye chai si ndugu yake.

Na kopo lina masharti. Unga ule unaweza kuwa na vijidudu hata kabla hujaufungua, ndiyo maana unachanganywa na maji yaliyochemka ambayo bado ni ya moto, yasiyopungua nyuzi 70, kisha unapooza ndipo unampa. Vijiko ni vile vilivyoandikwa, si pungufu. Yakikaa zaidi ya saa mbili bila kunywewa, mwaga. Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, maana chupa ina kona nyingi za kuficha uchafu.

Sasa piga hesabu. Kopo la gramu 400 linatoa kama lita 3. Mtoto anayekunywa mililita 600 kwa siku analimaliza ndani ya siku 5, yaani makopo 6 kwa mwezi. Linganisha na bumu lako kabla hujaamua kuacha kunyonyesha.

Kuanzia miezi 6 hadi 11 mlango unafunguka kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema mtoto wa umri huu asiyenyonya anaweza kupewa maziwa ya kopo au ya mnyama. Madaktari wa Uingereza na Marekani bado wanapenda usubiri mwaka mmoja, kwa sababu ya hayo hayo madini ya chuma. Ukichagua ng'ombe, basi sahani ndiyo ilete chuma: maini, nyama ya kusaga, dagaa waliosagwa, maharage. Uji mweupe na maziwa peke yake haitoshi. Usiyazimue kwa maji, na uyachemshe hata kama muuzaji ni shangazi yako. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na brusela.

Akitimiza mwaka mmoja, mambo ni mepesi. Ng'ombe anatosha, maziwa yenye mafuta yake yote, kama nusu lita kwa siku. Akishiba maziwa mno chakula hali. Yale makopo yenye namba 3 yanayopangwa dukani karibu na macho yako, mwongozo huo huo unasema hayapendekezwi. Hiyo hela kanunue mayai.

Lakini mimi nina neno na serikali yetu ya wanafunzi. Maziwa ya mama hutengenezwa kadiri yanavyotoka. Ukiwa na vipindi asubuhi mpaka jioni bila kunyonyesha wala kukamua, mwili unaelewa hayahitajiki, unapunguza. Mwenzangu alikuwa anakamulia chooni, amesimama, huku watu wanagonga mlango. Akaacha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Mwanafunzi si mfanyakazi, hivyo haimgusi. Tunaomba chumba kimoja chenye kitasa, kiti na bomba. Gharama yake haifiki ya jukwaa la wiki ya wanafunzi wapya.

Mtoto sasa ana miezi 10. Bibi yake anachemsha maziwa ya jirani kila asubuhi, dagaa wanasagwa, na kadi ya kliniki mstari umeanza kupanda. Kile kijiko cha kopo kimebaki jikoni, kinapimia majani ya chai.