KUSTAAFU KWA SEVA KONGWE: MATATIZO YA KOMPYUTA AFISINI NA NAMNA YA KUYATAFUTIA CHANZO

Mtumishi wa Serikali anapotimiza umri wa kustaafu huandaliwa makabidhiano. Majalada huhesabiwa, funguo hutolewa, na anayeshika nafasi yake huoneshwa kila kilichomo kabatini. Seva ya afisi, yaani ile kompyuta kuu inayozihudumia kompyuta nyengine zote, nayo hufikia siku yake ya kustaafu, lakini mara nyingi huondoshwa bila ya makabidhiano yoyote. Waya huchomolewa Ijumaa jioni, na wiki inayofuata wananchi hupanga foleni mbele ya dirisha ambalo karani wake hawezi kulifungua daftari la malipo. Anayeumia hapo ni mzee aliyefuata pencheni yake, au mzazi aliyefuata cheti cha mtoto, wala si yule aliyeuchomoa waya.

Kustaafisha seva si jambo la hiari tena kwa afisi zinazotumia matoleo ya zamani ya Windows Server. Matoleo ya 2008 na 2008 R2 yalifikia ukomo wa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na yale ya 2012 na 2012 R2 tarehe 10 Oktoba 2023. Kwa haya ya pili kampuni ya Microsoft iliweka mpango wa marekebisho ya kulipia, ambao kikomo chake ni tarehe 13 Oktoba 2026. Seva isiyopata marekebisho huendelea kufanya kazi kama kawaida, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa hakuna dalili inayomwonya mtumiaji. Mwezi wa Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilizifunga faili za kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, ingawa marekebisho ya kukizuia yalikwishatolewa mwezi wa Machi mwaka huo huo.

Inafaa ieleweke kwamba seva haiwi kabati la faili peke yake. Katika afisi nyingi mashine hiyo hiyo moja huhakiki maneno ya siri ya watumishi, huzigawia kompyuta anuani zao za mtandao, hutunza daftari la majina ambalo kwa hilo kompyuta moja huitambua nyengine, huongoza uchapishaji, na hutoa saa ambayo mashine zote huifuata. Kila moja kati ya kazi hizi ikikatika hutoa dalili yake, na dalili hizo hazitokei siku moja. Hii ndiyo sababu inayowababaisha wengi. Tatizo linalozuka siku ya sita huonekana kuwa jambo jipya, na fundi huitwa kutazama kompyuta ya karani ambayo haina ubaya wowote.

Asubuhi ya kwanza huwa ya kudanganya. Watumishi huandika maneno yao ya siri na kuingia bila ya taabu, kwa sababu Windows huhifadhi ndani ya kompyuta yenyewe kumbukumbu za watumiaji wa mwisho waliopata kuingia. Kwa kawaida idadi yao ni 10. Mkuu wa afisi huarifiwa kwamba kazi imemalizika salama. Ukweli ni kwamba hakuna aliyehakikiwa na seva yoyote. Mtumishi mgeni ambaye hajapata kuitumia kompyuta ile hukataliwa, na anayetaka kubadilisha neno lake la siri hushindwa. Jaribio la haki, basi, ni kumpa kompyuta mtu ambaye hajawahi kuikalia, kisha kutazama kama ataweza kuingia.

Baada ya hapo huja suala la anuani. Kompyuta nyingi hazina anuani ya kudumu. Hukodishiwa na seva kupitia huduma iitwayo DHCP, na katika Windows Server muda wa kukodi, usipobadilishwa, ni siku 8. Kompyuta huomba kuongezewa muda inapofika nusu, yaani siku ya nne. Isipojibiwa huendelea kutumia anuani ile ile na kuomba tena, mpaka muda uishe. Kwa hiyo seva ikizimwa leo, kompyuta zilizo kazini huanza kuanguka moja moja baina ya siku ya nne na ya nane, kila moja kwa wakati wake, huku ile iliyokuwa imezimwa kwa likizo ya mwenyewe ikiweza kukosa mtandao tangu siku ya kwanza. Dalili yake haifichiki. Amri ya ipconfig ikionesha anuani inayoanza na 169.254, kompyuta hiyo imejipa anuani yenyewe baada ya kukosa wa kumpa. Waya haupaswi kulaumiwa, na kununua swichi mpya ni kupoteza fedha za umma.

Daftari la majina, yaani DNS, ndilo lenye malalamiko mengi zaidi na ndilo linaloeleweka kidogo zaidi. Kila kompyuta huandikiwa ni seva ipi iulizwe kwanza na ipi iulizwe pili. Seva ya kwanza ikiwa ni ile iliyostaafu, kompyuta huiuliza kwanza, huingoja ijibu, kisha ndipo huiendea ya pili. Mtumishi haoni ujumbe wa kosa; huona tu kwamba mashine “imekuwa nzito”, ukurasa huchelewa kufunguka, na kuingia asubuhi huchukua dakika kadhaa. Afisi iliyo na tawi Pemba linalotegemea seva ya Unguja hulipata tatizo hili kwa uzito zaidi, kwani mabadiliko yaliyofanywa makao makuu huenda hayakufika kwenye mashine za tawi zilizoandikwa kwa mkono miaka mingi nyuma. Njia ya kupambanua ni rahisi: fundi aijaribu seva mpya kwa tarakimu za anuani yake, kisha kwa jina lake. Ikijibu kwa tarakimu na isijibu kwa jina, ubovu uko katika DNS. Zikaguliwe pia printa, simu za mtandao na mashine za kusajilia mahudhurio, ambazo aghalabu ziliandikiwa anuani hizo siku ya kufungwa na hazikuguswa tena.

Saa nayo ina mambo yake. Uhakiki wa maneno ya siri katika mitandao ya Windows hutegemea mashine mbili ziwe na saa zinazokaribiana, na tofauti inayovumiliwa kwa kawaida ni dakika 5. Ikizidi, mtumishi hukataliwa ingawa neno lake ni sahihi. Seva kongwe mara nyingi ndiyo iliyokuwa ikitoa saa, na kazi hiyo inapohamishwa ni lazima seva mpya ielekezwe ni wapi itapata saa ya kuaminika. Katika visiwa ambako umeme hukatika, kompyuta yenye betri ndogo iliyokufa huamka na tarehe ya miaka iliyopita. Zamani seva iliirekebisha kimya kimya, sasa hakuna wa kuirekebisha.

Kuhusu faili, tatizo kubwa haliko katika kuzihamisha bali katika kuzihamisha pamoja na ruhusa zake. Faili ikinakiliwa kwa kuvutwa tu kutoka dirisha moja hadi jengine hurithi ruhusa za mahali inapofikia. Matokeo yake jalada la siri la uajiri huweza kusomwa na kila mtu, au mhasibu akafungiwa nje ya vitabu vyake mwenyewe. Programu ya Robocopy, iliyomo ndani ya Windows, huweza kubeba ruhusa pamoja na faili endapo itaamriwa hivyo. Ruhusa za folda ya pamoja yenyewe, hata hivyo, hazibebwi na faili, na lazima ziandikwe upya. Zipo vile vile jaduweli za hesabu zilizounganishwa kwa njia yenye jina la seva ya zamani. Hizi hufunguka vizuri na kuonesha tarakimu za mara ya mwisho, jambo ambalo ni baya kuliko kutofunguka, kwa kuwa malipo huweza kuandaliwa kwa hesabu zilizopitwa na wakati.

Mashine za kunakilia zinazotuma picha za hati katika folda ya seva huacha kufanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni anuani ya zamani iliyohifadhiwa ndani yake. Ya pili ni kwamba baadhi yao hujua lugha ya zamani tu, SMB toleo la 1, ambayo seva mpya haziikubali mpaka zilazimishwe. WannaCry ilipita katika mlango huo huo. Kuufungua tena kwa ajili ya mashine moja ya masjala ni uamuzi usiofaa. Mashine iongezewe programu mpya na mtengenezaji wake, au hati zitumwe kwa barua pepe.

Utaratibu wa makabidhiano wenyewe hauna mafumbo. Kwanza iorodheshwe kila kazi ya seva kongwe, zikiwemo kazi za usiku zinazojiendesha zenyewe na nakala za akiba. Kisha yahamishwe majukumu matano ya uongozi wa domeni, na amri ya netdom query fsmo itumike kuhakikisha kwamba yote yako kwa seva mpya. Mitandao iliyoasisiwa zama za Windows Server 2003 ina jambo la ziada: njia ya zamani ya kunakili maelekezo baina ya seva, FRS, haikubaliwi na toleo la 2019 na yaliyofuata, hivyo ni lazima ibadilishwe kuwa DFSR mapema.

Baada ya hapo seva ichomolewe waya wa mtandao tu, isifutwe wala isipelekwe ghalani. Ikae hivyo mpaka upite mwisho wa mwezi mmoja na mishahara ilipwe, kwani zipo programu ambazo huamshwa siku hiyo tu. Atakayelalamika atajulikana, na waya utaweza kurejeshwa kwa dakika moja. Muda huo lakini usirefushwe kupita kiasi. Seva tawala iliyokuwa nje ya mtandao kwa zaidi ya siku 180 haifai kurejeshwa, kwa kuwa huja na kumbukumbu za watumishi waliokwishafutwa. Na katika mitandao mikongwe zaidi kikomo huweza kuwa siku 60. Muda wa majaribio ukimalizika salama, seva irejeshwe mtandaoni, ivuliwe madaraka kwa utaratibu wa Windows wenyewe, na hapo ndipo izimwe.

Watumishi wanaoripoti matatizo wanaombwa wayanakili maneno ya kosa kama yalivyo kwenye kioo, waandike saa lilipotokea, na waeleze kama jirani zao wamepatwa pia. Taarifa ya kwamba “kompyuta mbovu” haimsaidii fundi. Wananchi wanaohudumiwa katika wiki za mabadiliko wanashauriwa waje na stakabadhi zao za awali, na afisi zinapaswa kuandaa fomu za karatasi kwa muda huo ili asirudishwe mtu. Diski za seva iliyostaafu zifutwe kabisa au zivunjwe mbele ya afisa aliyeteuliwa, atakayetia saini, kabla ya mashine kuingizwa katika orodha ya vifaa vya kuuzwa.