Kufuli likiwa mawinguni, ufunguo wa akiba ubaki ofisini

KATIKA mashamba ya maua yaliyo kati ya Nanyuki na Timau, ambayo huuza bidhaa zake Ulaya, programu ya maagizo na mishahara ndiyo moyo wa biashara. Programu ya aina hiyo yaweza kubaki katika seva ya ofisini, huku kazi ya kumtambua mtumiaji ikihamishiwa mawinguni, yaani kwenye seva za mbali za kampuni nyingine.

Kwanza mtayarishaji huisajili programu kwa mtoaji huduma, mathalani Entra ID ya Microsoft, iliyoitwa Azure Active Directory hadi 2023. Hupewa namba ya utambulisho na siri ya programu, kisha hutaja anwani atakakorudishwa mtumiaji akishathibitishwa. Tangu hapo neno la siri la karani halifiki kwenye seva ya ofisi. Seva hukagua tu hati ya muda mfupi iliyotiwa sahihi. Karani akiacha kazi, hufungwa akaunti moja tu.

Wengi huiandika siri hiyo ndani ya msimbo, au husahau kwamba ina tarehe ya kuisha.

Lakini hatari kubwa ni nyingine. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo, seva iliyo chumba cha pili, umeme ukiwapo, yaweza kukataa kumfungulia mhasibu. Ndiyo maana hubakishwa akaunti moja ya dharura isiyotegemea intaneti, neno lake la siri likafungiwa kwenye kasiki. Nayo ijaribiwe mapema, si asubuhi ya mishahara.