Maneno ya Chanu Yalivyomponza Monica Ali

Mapema mwaka 2003 jarida la Granta lilimtaja Monica Ali miongoni mwa waandishi vijana 20 bora wa Uingereza. Ajabu ni kwamba hakuwa amechapisha riwaya hata moja. Wateuzi walisoma mswada tu. Baada ya miezi michache riwaya yenyewe, Brick Lane, ikaingia madukani, magazeti yakaimwagia sifa, na kabla mwaka haujaisha ikafika kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker.

Wahakiki walimpenda Nazneen, binti wa kijijini Bangladesh anayeozwa kwa Chanu, mwanamume wa makamo, na kupelekwa kuishi kwenye flati za Tower Hamlets, London. Kutwa anapika, anamkata mumewe sugu za miguuni, anasikiliza hotuba zake zisizokwisha. Chanu naye anangojea kupandishwa cheo, na vyeti vyake vyote havijamsaidia. Huyo ndiye aliyewavunja mbavu wasomaji. Waliokwazika walikwazwa na barua za Hasina, mdogo wake Nazneen aliyebaki Bangladesh, ambazo zimeandikwa kwa Kiingereza cha kuungaunga. Dada anayemwandikia dada yake kwa lugha yao ya mama, sarufi imshinde kwa nini? Hoja hiyo haijapata jibu la kuridhisha.

Kwenye mtaa wenyewe wa Brick Lane, London, mambo yalikuwa mengine kabisa.

Wabangladeshi wengi wa Brick Lane asili yao ni eneo la Sylhet nchini Bangladesh, na Chanu, msomi wa Dhaka, anawaona washamba wasio na elimu. Baraza moja la Wasylheti likaandika barua ya malalamiko ya kurasa 18. Ni kweli, hayo ni maneno ya Chanu, si ya Ali, tena Chanu mwenyewe ni kichekesho. Lakini jina lililo juu ya jalada ni la mtaa wao, na Waingereza wengi hawakuwa na riwaya nyingine ya kuwajulia watu hao.

Mwaka 2006, filamu ya riwaya hiyo ilipotaka kupigwa palepale mtaani, ugomvi ukafufuka. Watu wakaandamana, wengine wakatishia kukichoma kitabu (hakikuchomwa), na kamera zikahamishiwa kwingine. Mwandishi Germaine Greer akawatetea wakazi katika gazeti la The Guardian. Mwandishi mwenzake Salman Rushdie, ambaye riwaya yake ilichomwa moto kweli mjini Bradford mwaka 1989, akamjibu kwa ukali.

Filamu ilitoka mwaka 2007 hata hivyo, na Chanu akaigizwa na Satish Kaushik, mchekeshaji mashuhuri wa sinema za Kihindi.