Je, Wajua? Huenda Simu Yako ni Seva

Mwanafunzi wa Juja anayeunda apu kwa HTML na JavaScript, ili ifanye kazi kwenye Android na iPhone bila kuandikwa mara mbili, wakati mwingine huwa ameunda na seva ndani yake. Seva hiyo haikodishwi Nairobi wala Ulaya. Ni programu ndogo inayoamka apu inapofunguliwa, inafungua mlango mmoja wa mtandao ndani ya simu, aghalabu 8080, kisha inalipatia dirisha la apu kurasa, picha na data kama ambavyo tovuti yoyote ya mbali ingefanya. Anayeomba na anayejibu wamo katika simu moja.

Naipenda seva hii. Masomo yakishaingia katika simu, mtoto wa Gatundu huyasoma bila kununua bando. Hesabu za chama hazilazimiki kuvuka bahari ndipo zirudi kusomwa mezani pale pale zilipoandikwa. Kolibri, mfumo wa masomo wa shirika la Learning Equality la Marekani, umejengwa juu ya wazo hili na umetumika hadi Kakuma: kompyuta moja shuleni huwa seva, walio kwenye Wi-Fi yake husoma kwa vivinjari vyao, na apu yake ya Android huendesha seva hiyo ndani ya simu yenyewe. Kwa nchi ambayo bando la siku bado hupimwa na bei ya unga, sioni teknolojia inayostahili heshima kuliko hii.

Katika apu za iPhone, seva hii ilisukumwa na kikwazo. Mwaka wa 2014 Apple ilileta WKWebView, dirisha jipya la kuonyesha kurasa ndani ya apu, nalo likagoma: ukurasa uliofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye faili haukuruhusiwa kuvuta faili nyingine. Waundaji wa apu chotara, yaani zile za HTML ndani ya dirisha la apu, wengi wao wakitumia zana ya Cordova iliyoanza mwaka wa 2009 kwa jina la PhoneGap, wakaona kwamba ikiwa kurasa lazima zitoke kwenye seva, basi seva na iletwe ndani. Waundaji wa Ionic, zana nyingine ya namna hiyo, walipachika seva ndogo iitwayo GCDWebServer katika apu za iPhone. Kazi ikaendelea.

Kinachoniudhi ni kuwasikia watu wenye shahada wakisema, "Iko kwa localhost, hakuna mtu ataifikia." Ni kweli kwamba 127.0.0.1 ni anwani ya kifaa chenyewe na ombi linalopelekwa huko halitoki nje ya simu. Lakini fikiria ploti ya bedsita pale Kihunguro, Ruiru: geti limefungwa, mlinzi yuko, ila vyumba vya ndani havina kufuli hata kimoja. Katika simu, kila apu uliyowahi kuipakua ni mpangaji wa ploti hiyo, ikiwemo ile ya tochi, ile ya mkopo wa haraka na ule mchezo aliouweka mtoto.

Wapo wanaoliacha hata geti wazi. Badala ya 127.0.0.1 huandika 0.0.0.0, maana yake seva isikilize pande zote, kwa kuwa ndivyo mfano walioukopi ulivyoandikwa na ukifanya kazi mara ya kwanza hakuna anayeurudia. Katika majumba ya kupangisha kuanzia Kimbo hadi Witeithie, ambako ruta moja huhudumia ghorofa nzima, kosa hilo humkaribisha kila jirani. Januari 2019 mtafiti Mfaransa Baptiste Robert, anayejiita Elliot Alderson mtandaoni, alionyesha kwamba ES File Explorer, apu iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100, ilifungua mlango 59777 na kuuacha hivyo. Yeyote aliyekuwa kwenye Wi-Fi ile ile aliweza kuiagiza iorodheshe picha za mwenye simu, itoe faili, au iwashe apu nyingine. Haikudai nywila. Wala haikuwa peke yake: mwaka wa 2015 Trend Micro ilikuta kipande cha msimbo cha Baidu kiitwacho Moplus, chenye seva ya siri, katika apu zaidi ya 14,000, na mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitambua apu 410 za Android zilizoweza kushambuliwa kupitia milango yao.

Hata geti likifungwa, wapangaji hubaki ndani. Android humpa msanidi ruhusa ya intaneti bila kumuuliza mwenye simu, na apu yenye ruhusa hiyo yaweza kubisha mlango wowote wa ndani. Juni 2025 watafiti wa Ulaya walifichua kwamba apu za Facebook na Instagram kwenye Android zilikuwa zikisikiliza milango ya ndani ya simu, huku msimbo wa Meta uliomo katika tovuti nyingine ukizipelekea kitambulisho cha kivinjari. Mtu aliyedhani anasoma tovuti bila kujulikana akaunganishwa na akaunti yake. Yandex ya Urusi ilikuwa na mbinu ya namna hiyo tangu 2017. Meta iliacha habari zilipotoka.

Lakini kinachonishangaza kuliko yote ni jinsi tovuti ya mbali, isiyo na apu yoyote katika simu yako, inavyoweza kusoma seva ya ndani. Kivinjari kina sheria ya zamani: hati ya tovuti moja, yaani msimbo uliomo ndani ya ukurasa wake, haisomi majibu ya tovuti nyingine. Inaweza kubisha, ila jibu haipewi. Na kivinjari huitambua tovuti kwa mambo matatu, yaani itifaki, jina na mlango. Anwani ya nambari iliyo nyuma ya jina haihesabiwi.

Mwizi hupitia hapo. Anasajili jina, anaweka ukurasa wake kwenye mlango 8080, sawa na wa apu yako. Ukiufungua, DNS, lile daftari linalogeuza majina kuwa anwani, hukupa anwani ya kweli ya mashine yake, pamoja na agizo kwamba jibu hilo lisahaulike baada ya sekunde moja. Ukurasa unakaa kimya, pengine ukikuonyesha matokeo ya mpira. Kisha hati iliyomo ndani yake inaomba data kwa jina lile lile. Kivinjari kinaliuliza daftari tena, na kwa kuwa mwizi ndiye anayelitunza daftari la jina lake, safari hii anajibu 127.0.0.1. Itifaki haijabadilika, jina halijabadilika, mlango ni ule ule. Kivinjari kinaona tovuti inayozungumza na mashine yake yenyewe, kumbe ombi limeingia katika apu yako ya chama, na majina ya wanachama pamoja na michango yao yanakabidhiwa kwa hati iliyotoka nje. Hakuna nywila iliyovunjwa. Hakuna virusi vilivyosakinishwa.

Dawa yake ni fupi ajabu. Katika kila ombi la HTTP kivinjari huandika, kwenye mstari uitwao Host, jina lililoitwa, na hati ya ukurasa hairuhusiwi kuugusa mstari huo. Kwa hiyo ombi la mwizi hufika likiwa limebeba jina la mwizi. Seva ikiusoma mstari huo kwanza na kukataa kila kisichokuwa localhost au 127.0.0.1 pamoja na mlango wake, hila nzima hufia hapo. Ni mistari mitatu au minne ya msimbo. Siku hizi Chrome, tangu toleo la 142, humuuliza mtumiaji kabla ya kuiruhusu tovuti kugusa mtandao wa ndani, jambo jema, ila simu za zamani zisizosasishwa hazina kinga hiyo, na simu za aina hiyo ndizo zimejaa mikononi mwa watu wetu.

Apu jirani, tofauti na kivinjari, yaweza kudanganya kwenye Host. Kwa hivyo panahitajika ufunguo: kila mara apu inapoamka, seva itunge tokeni ndefu ya nasibu, iikabidhi kwa dirisha lake kupitia upande wa asili wa apu, isiiandike katika anwani ya ukurasa ambako itanaswa kwenye kumbukumbu, na ikatae ombi lolote lisilokuwa nayo. Kubadilisha nambari ya mlango kila siku hakutoshi, maana milango yote ni 65,535 tu na programu huipitia upesi. Kuruhusu kila tovuti kwa alama ya nyota ni kuirudishia hati ngeni yale majibu ambayo kivinjari kiliizuia kuyasoma. Cheti cha HTTPS chenye ufunguo wa siri uliofichwa ndani ya APK, faili ya kusakinishia apu, hakina maana: APK ni faili ya zipu, na yeyote huifungua. Na njia za faili zenye nukta mbili za kurudi nyuma zikataliwe kabla hazijageuka kuwa mlango wa folda nzima.

Kuna swali linalopaswa kutangulia yote hayo: je, apu yako inaihitaji seva? Tangu iOS 11 ya mwaka wa 2017, Apple inamruhusu msanidi kuzihudumia kurasa zake bila kufungua mlango wowote. Android nayo ina WebViewAssetLoader. Capacitor, zana nyingine ya apu chotara, hutumia jina localhost, lakini hapana seva inayosikiliza nyuma ya jina hilo. Apu ya eCHIS, wanayobeba wahudumu wa afya ya jamii Kiambu na kaunti nyingine tangu 2023, ni chotara pia: ukurasa ndani ya dirisha, data ikikaa katika hifadhi ya kivinjari chenyewe, kazi ikiendelea hata pasipo mtandao. Kama lengo ni kuonyesha kurasa zako mwenyewe, iondoe seva. Ibakishe pale tu ambapo kugawia wengine ndiyo kazi yenyewe.

Hapo ndipo ninapoona tunapoteza. Juja ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha vishikwambi katika chuo kikuu cha JKUAT, chini ya mpango wa serikali wa mwaka wa 2016 uliofikisha vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi, na kila shule ikapewa seva ndogo ya masomo yenye ruta. Chuo kilikuwa na kila sababu ya kuzalisha kizazi cha wataalamu wa seva ndogo za ndani. Vishikwambi vingi vikaishia kufungiwa stoo, na miradi ya mwisho ya wanafunzi bado hupewa alama kwa uzuri wa skrini. Sijui kwa nini msimamizi asiombe tu simu mbili na Wi-Fi moja, akajaribu kuifikia apu ya mwanafunzi kutoka simu ya pili. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinadai ulinzi uwekwe tangu mfumo unapobuniwa. Hiyo ni sheria ya nchi, inamhusu hata kijana anayeuzia sacco ya matatu apu kwa shilingi elfu kumi na tano.

Seva ya ndani ina matumizi mengine mengi: Kiwix inayogawa Wikipedia kwa hotspoti, kuhamisha picha kutoka simu hadi kompyuta, visoma alama za vidole, printa za risiti zinazoagizwa kutoka ukurasa wa mauzo, televisheni zinazopokea video ya simu, na eTIMS ya KRA kwa mtindo wa VSCU, ambapo mfumo wa mauzo wa duka huzungumza na programu ya ushuru iliyosakinishwa kwa mfanyabiashara mwenyewe.