Mficha uchi hazai: Safari yetu ya India kutafuta mtoto

Makala haya tumeyaandika wawili, mume na mke, wakazi wa Tanga. Mmoja wetu ni katibu wa kamati ya msikiti, na kwa kazi hiyo amesikiliza siri za ndoa nyingi zilizoletwa mbele ya kamati. Siri ya ndoa yake mwenyewe hakuwahi kuitoa. Leo tunaitoa kwa ridhaa yetu sote wawili, kwa kuwa tumeyaona madhara ya kuificha.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tuliuficha kwa miaka saba.

Lawama ya mtu mmoja

Katika miaka hiyo, kila mgeni wa kike aliyekuja kututazama alimvuta mke pembeni na kumuuliza, "Bado tu, mwanangu?" Mume alikuwa sebuleni na kahawa yake, na hakuna aliyemuuliza lolote.

Mke alipimwa damu, akapimwa mfuko wa uzazi, mirija yake ikapigwa picha. Majibu yote yalikuwa mema. Hata hivyo alinyweshwa dawa za miti shamba, akasomewa visomo, na akaambiwa kuwa ana jini mahaba anayemzuilia kizazi. Mume alilipia yote hayo, akajihesabu kuwa ametimiza wajibu wake. Daktari alipomwambia kuwa naye apime, alijibu kwamba katika ukoo wao hakujapata kuwa na mgumba.

Mwaka wa sita mama yake alikuja na jina la binti wa kuolewa mke wa pili. Mume hakukubali, lakini wala hakukataa, alinyamaza. Usiku ule mke alimwambia maneno haya: "Oa, bwana, sheria imekuruhusu. Lakini kabla hujamtia binti wa watu katika msiba huu, nenda kapime."

Alikwenda. Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko vyote alivyopitia mkewe. Kiwango cha chini cha rejea kilichomo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 ni mbegu milioni 16 katika kila mililita ya manii. Mbegu zake hazikufika milioni 2, na nyingi hazikuwa na mwendo. Daktari alisema kuwa kupata mimba kwa njia ya kawaida kungekuwa vigumu sana, akatueleza juu ya kurutubisha yai nje ya mwili, kwa kuingiza mbegu moja ndani ya yai moja kwa sindano nyembamba mno.

Elimu hiyo si ngeni tena. Mtoto wa kwanza aliyepatikana kwa kurutubisha yai nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwezi Julai 1978. Njia ya kuingiza mbegu moja kwa sindano ilitoa mimba zake za kwanza mjini Brussels, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1992. Wala sisi si wachache. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la uzazi katika maisha yake. Kasoro huweza kuwa kwa mwanamume, kwa mwanamke, au kwa wote wawili. Lakini katika mitaa yetu hukumu hutolewa kabla ya kipimo, na anayehukumiwa ni mwanamke.

Tulichouliza kabla ya kukata tiketi

Kabla ya kutafuta hospitali tuliitafuta hukumu ya sheria. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haqq, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa kuhusu jambo hili. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Amman, nchini Jordan, likazipitia njia saba za kupandikiza mimba. Tano lilizikataza, zote zikiwa zinamwingiza mtu wa tatu kati ya mume na mke: mbegu ya mwanamume mwingine, yai la mwanamke mwingine, au tumbo la kukodi. Mbili liliziruhusu panapokuwa na haja, kwa sharti kwamba mbegu ni ya mume, yai ni la mke, mimba inakaa katika tumbo la mke huyo huyo, na tahadhari zote zinachukuliwa. Wanazuoni wakasisitiza kuwa yote hayo yawe ndani ya ndoa iliyo hai. Mauti au talaka ikiikata ndoa, ruhusa nayo imekatika.

Mwaka 1990 Baraza hilo hilo, likikutana Jeddah, lilishauri kuwa yasirutubishwe mayai kupita idadi inayohitajika, ili visibaki viinitete vya ziada visivyo na mwenyewe wa kuvisemea. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kuvigandisha kwa masharti, maadamu ndoa ipo. Sisi tulichukua njia ya tahadhari, na tahadhari hiyo ilikuwa na bei yake, kama msomaji atakavyoona.

Wiki tano Mumbai

Msomaji atauliza, kwa nini India? Matibabu haya yanapatikana Dar es Salaam, na yanapatikana Nairobi. Jibu la kweli ni kwamba tuliona haya. Tulihofia kukutana na mtu wa Tanga kwenye benchi la kliniki. Haya hiyo ilitugharimu kiwanja chetu cha Pongwe, tiketi mbili za ndege, viza ya matibabu na ya msindikizaji, na kodi ya chumba kwa wiki tano. Watu tuliwaambia kuwa tunakwenda kutibu mgongo.

Hospitali tuliyofikia hatutaitaja. Bei tuliyotumiwa kwa barua pepe haikuwa na dawa za sindano ndani yake, na tuligundua hivyo dirishani, tukiwa na bili mkononi. Siku ya pili mshauri mmoja alituambia, kwa upole kabisa, kwamba mbegu za mume ni dhaifu na kwamba ipo benki ya mbegu za wanaume wengine. Mtoto atatoka tumboni mwa mke, na hakuna atakayejua. Tulimjibu kuwa Mwenyezi Mungu anajua, na mtoto ana haki ya kujua. Tukaomba katazo letu liandikwe katika faili na kutiwa saini.

Mke alichomwa sindano za homoni tumboni kwa siku kumi na moja, na mume akajifunza kumchoma ili kuokoa nauli ya kila jioni. Mayai yalivunwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, na daktari aliyemhudumia alikuwa mwanamke, kwa kuwa tuliliomba hilo mapema kwa maandishi. Yalipatikana mayai tisa. Daktari alitaka kuyarutubisha yote. Sisi tukasema manne. Alituonya waziwazi kuwa tunapunguza nafasi yetu, nasi tukatia saini tukijua. Kabla ya kila hatua mke aliomba kusomewa jina lililoandikwa kwenye kichupa, la mume na lake. Wauguzi walimzoea, wakawa wanamsomea kabla hajaomba.

Viinitete vilivyosimama vilikuwa viwili, na vyote viliwekwa. Baada ya hapo ni kungoja wiki mbili. Ilikuwa miezi ya mvua, na Mumbai mvua hunyesha kutwa. Tulikaa chumbani, tukatoka kwa sala ya Ijumaa na kununua chakula cha halali barabara ya Mohammed Ali. Katika wiki hizo mbili tulizungumza kuliko miaka saba iliyotangulia. Mume aliomba radhi, hasa kwa ule ukimya wake siku lilipotajwa jina la binti wa watu. Mke alisema amesamehe, lakini akaweka sharti: "Ulininyamazia mbele ya mama. Kanisemee mbele ya mama."

Siku ya kumi na nne damu ilipimwa. Hapakuwa na mimba.

Mke alilia mpaka alasiri. Mume hakuwa na neno la kumpa, akaketi naye sakafuni. Siku tatu baadaye tulipanda ndege kurudi nyumbani.

Tuliporudi

Mama alikuja siku ya pili kuuliza hali ya mgongo. Mume alimwambia: "Mama, hatukwenda kwa mgongo. Tulikwenda kutafuta mtoto, na hatukupata. Kasoro ni yangu, si ya mkweo. Miaka yote ilikuwa yangu." Mama alinyamaza kwa muda, kisha akainuka akaenda jikoni kwa mkwewe na kumwomba radhi. Tangu siku hiyo jina la yule binti halijatajwa tena.

Jambo hilo lilitufikia moyoni kuliko vipimo vyote vya Mumbai, na halikuhitaji viza.

Kwa wanandoa walio katika njia hii tunasema hivi. Pimeni wote wawili, na mume atangulie, kwa maana kipimo chake ni chepesi na cha bei nafuu. Mwaka mmoja wa ndoa bila mimba unatosha kwenda kwa daktari. Msingoje saba, kwa kuwa nafasi ya matibabu haya hupungua umri wa mke unavyosonga, hasa baada ya miaka 35. Anzeni na hospitali za karibu. Mkilazimika kusafiri, ombeni bei ikiwa imechanganuliwa kwa maandishi, dawa zikiwemo. Andikeni kabla ya tiba kuwa hamkubali mbegu wala yai la mtu mwingine, na andikeni pia nini kifanyike na viinitete ikiwa mmoja wenu atafariki au mkiachana. Wala msiulize jinsia ya mtoto: sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza kuitambua kabla ya kuzaliwa.

Kwa wakwe, mawifi na majirani tunasema: lile swali mnalomuuliza mke pembeni, muulizeni Mwenyezi Mungu katika dua zenu. Nabii Zakariya (A.S.) aliomba mtoto mpaka uzeeni. Bibi Aisha (R.A.) hakuzaa, na mama wa waumini ni yeye, aliitwa Ummu Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake, na heshima yake haikupungua. Katika Suratu Shura tumefundishwa kuwa kutoa watoto wa kike, wa kiume, au kutotoa kabisa, kote ni kwa matakwa Yake Mola.

Sisi tunaweka akiba tena, kidogo kidogo. Mwenyezi Mungu akijaalia tutajaribu mara ya pili, na safari hii ni Dar es Salaam, kwa basi, tukiaga kwa sababu yetu ya kweli. Wanaume watatu wamekwisha kumfuata katibu baada ya sala ya Isha kumuuliza wapi pa kupima.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaruzuku kizazi chema wote wanaokitafuta, na awape subira na mapenzi wale aliowakadiria vinginevyo. Amin.