Getini Tunakaguliwa, Jikoni Nani Anatazama?

Ukija kula mtaani Kabalagala, hapa Kampala, usiku, kwanza unapapaswa. Askari wa getini anakupitishia kifaa kiunoni, anachungulia mkoba wa dada uliyeandamana naye, ndipo mnapita. Desturi hii ilikolea baada ya Julai 11, 2010, mabomu yalipolipuka katika mgahawa wa Ethiopian Village hapa kwetu na kwenye klabu ya raga ya Kyadondo, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Walikufa zaidi ya 70. Hakuna mwenye baa anayehitaji kuelezwa kwa nini anamlipa askari.

Mimi nasimamia jiko, zamu ya usiku, nyuma ya geti kama hilo. Huku kwetu hakaguliwi mtu wala kitu. Mitungi ya gesi imepangwa karibu na sigiri ya kuchomea nyama. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni, na sigiri iko hapo hapo chini na makaa yake mekundu. Mlango wa pili umezibwa na kreti za bia, eti stoo imejaa. Nilipomlalamikia bosi alinijibu, "Mama, mpishi mzuri haungui."

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda, ya mwaka 2006, haisemi hivyo. Wa kwanza kuulizwa ni mwajiri. Asajili mahali pake pa kazi kwa Kamishna, katika idara iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Atoe vifaa vya kujikinga. Wafanyakazi wakifika 20, iwepo kamati ya usalama.

Hiyo 20 ndiyo kichaka cha wengi. Bosi wangu huhesabu walio kwenye daftari la mishahara tu. Muosha vyombo, mchoma nyama na mbeba mkaa ni vibarua wa kulipwa jioni, basi kwake ni kama hawapo. Lakini uchache wa watu unamwondolea kamati, haumwondolei wajibu wa kuwalinda hao wachache. Isitoshe, kanuni za ajira za 2011 haziruhusu mtu awekwe kibarua zaidi ya miezi 4. Nina watu hapa ambao miezi hiyo waliimaliza zamani.

Kijana wetu wa chipsi aliteleza akiwa na karai, mafuta yakamwunguza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipewa tyubu ya dawa na nauli ya boda. Jiko zima likamlaumu: nani kamtuma kuvaa kandambili? Mimi nikauliza nani alimnunulia viatu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi hata senti.

Na hata kandambili zingekuwa kosa lake, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inasema fidia hulipwa hata kama aliyeumia alifanya uzembe. Jeraha likimzuia kupata ujira wake kamili kwa siku 3 mfululizo, mwajiri anahusika. Akipoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, ni mapato ya miezi 60. Akifa akaacha watu waliomtegemea kwa kila kitu, ni miezi 60 vilevile. Ndiyo maana sheria hiyo inamtaka mwajiri awe na bima. Bila bima, hela hizo zinatoka kwenye droo ya kaunta.

Haya nilimsomea bosi kwenye simu yangu, tumekaa kwenye meza za wateja saa kumi alfajiri. Akaniuliza kama wakaguzi wa serikali huwa wanafika kweli mpaka huku.

"Sijawahi kuwaona, bosi. Lakini wakili wa kijana anaweza kufika kabla yao."

Kreti zilihamishwa wiki hiyo, na waosha vyombo wamepata gambuti. Mitungi ya gesi bado tunabishania: mimi nataka itoke nje na kufungiwa kwenye kizimba cha chuma, yeye anaogopa itaibwa.